Nilimwachia shemeji na juya lake, sasa kijiji kizima kinanidai

MUULIZE BWANA SAMAKI

Shikamoo Bwana Samaki,

Mimi ni askari wa doria katika hifadhi moja ya bahari, pwani ya kusini. Nina miaka 31, mke na watoto wawili. Kituo nilichopangiwa ndicho kisiwa alikozaliwa mke wangu. Barua ya uhamisho ilipofika tulishangilia, mke wangu akaimba jikoni siku nzima. Leo natamani ingepotelea njiani.

Mwezi wa pili, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tulitoka doria saa tano usiku. Tulikuwa watatu: mimi, nahodha wa boti, na kijana mmoja wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka nyasi za bahari zimelala uchi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, watu wanapiga maji kuswaga samaki. Tukazima mashine, tukasogea kwa upondo. Walikuwa saba, na juya lao, wavu wa kukokota, lilikuwa limeshafika nusu. Nilipowasha tochi, wa kwanza kufunika macho kwa kiganja alikuwa mdogo wake mke wangu. Ndiye aliyenibebea sanduku siku ya harusi. Hakuniomba kitu. Alisema "Shem" basi, akainamisha kichwa.

Nilimulika ndani ya ngalawa yao. Tasi wa urefu wa kidole gumba wamejaa chini kama dagaa, na pweza mmoja ambaye ungemfumba mkononi asionekane. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Badala yake nikasema, "Kunjeni muondoke, tutazungumza asubuhi." Asubuhi hatukuzungumza. Katika daftari la doria niliandika: "Hali shwari." Juya likapelekwa uani kwa mama mkwe, likafunikwa makuti. Siku ya pili mama mkwe akamtuma mtoto atuletee jogoo na kikapu cha mihogo. Tukala.

Kabla ya hapo, mwezi wa kumi na mbili, nilimkamata Mkojani mmoja, mvuvi wa Pemba aliyekuwa dago, yaani kambi ya wavuvi wageni, na juya kama hilohilo. Alitozwa faini, juya likachomwa kwa amri ya mahakama. Hilo lilikwenda kisheria.

Matatizo yalianza wiki tatu baada ya kumwachia shemeji. Shemeji anavuta tena, na akiwa gengeni anasema yeye ana askari wake. Yule kijana wa BMU amenifuata: mpwa wake alikamatwa na doria ya wenzangu, anataka niseme neno, "kama ulivyosema lile lingine." Nikamwambia haiwezekani. Akacheka. Usiku ule mawe mawili yaliangukia bati letu.

Mke wangu habari zote hizi alizikuta kisimani. Nilipomwambia kwamba safari nyingine nitamkamata shemeji kama mtu mwingine yeyote, alinijibu, "Siku utakayompeleka ndugu yangu mahabusu, nipe na talaka yangu siku hiyohiyo." Sasa analala kwa mama yake na watoto, na mama mkwe, ambaye kwa adabu zetu siwezi kumjibu, amenitumia ujumbe kwamba aliozesha binti, hakuozesha serikali.

Nifanye nini? Nimkamate shemeji niwaonyeshe watu kwamba sina upendeleo? Au niombe uhamisho kimyakimya niondoke na familia yangu? Naomba usitaje kisiwa.

Askari Mkwe


MAJIBU

Marahaba mwanangu. Kisiwa sikitaji, ingawa ukweli ni kwamba visiwa vyote vyenye askari mkwe vinafanana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu. Mkeo, mkweo na shemejio wamechukua karibu barua nzima. Mkojani umempa mistari miwili, ukamfungia mlango kwa maneno "lilikwenda kisheria". Mimi nilikuwa bwana samaki, yaani afisa uvuvi, nimekaa na watu wa dago miaka mingi, basi nianze na huyo uliyempita haraka.

Mtu anatoka Kojani, anaacha watoto Pemba, anapiga kambi ya makuti kwenye ufuo usio wake miezi kadhaa. Kosa alilofanya ni la kweli, simtetei. Lakini juya lake lilichomwa mbele yake, na la shemejio limefunikwa makuti lisinyeshewe. Huko kijijini wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Unasema watu wanakudai upendeleo. Hapana, wameshakuona ukitoa, nao wanapanga foleni. Yule kijana wa BMU hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu bei aliijua, alikuwepo botini ulipoitaja.

Tena historia haitusaidii. Hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, ile ya Mafia, ilitangazwa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya kupitishwa Sheria Na. 29 ya 1994 ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Inachukua kilomita za mraba 822, bahari na nchi kavu. Wengi visiwani kule waliikubali kwa sababu walikuwa wamechoshwa na wapiga baruti kutoka nje, waliokuwa wakiwavunjia matumbawe mchana kweupe. Baadaye doria ikageukia na nyavu za wenyeji wenyewe, na hapo ndipo urafiki ulipoingia nyufa. Watu wakaanza kuuliza sheria hii ni ya nani. Wewe, kwa usiku mmoja, umewajibu: ni ya mgeni, na ya mwenyeji asiye na mkwe askari.

Sasa maswali yako. Nimkamate niwaonyeshe watu? Usithubutu. Ukamkamate kwa usiku upi? Ule uliouandikia "hali shwari"? Wakili yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, atakuuliza daftari hilo likiwa mkononi mwake. Na ukimvizia usiku mwingine kwa kuwa unataka kujisafisha, hiyo nayo ni doria ya mtu binafsi. Umemwachia kwa sababu ni shemeji, sasa unataka kumkamata kwa sababu ni shemeji. Zote ni familia, hakuna kazi hapo.

Uhamisho nao usiuombe kwanza. Ukiondoka leo, uwongo unabaki kabatini na sahihi yako chini yake, na walioshuhudia usiku ule ni watu tisa, kumi na wewe mwenyewe. Siku mmoja wao akigombana na mwenzake kuhusu mgawo wa samaki, utaitwa kutoka huko ulikohamia.

Ninachokushauri ni kizito na sikipambi. Nenda kwa Mhifadhi Mfawidhi, mkuu wako wa hifadhi, asubuhi, umevaa sare, na maelezo umeyaandika tayari kwa mkono wako. Andika tarehe, saa, mahali, mliokuwa botini, mliowakuta, ulichosema, ulichoandika daftarini. Lile daftari usiliguse. Usifute, usiongeze kistari, usichane ukurasa. Nimewahi kuona askari aliyetenda kosa dogo akaligeuza kubwa kwa wembe na gundi. Jogoo na mihogo pia uandike. Najua utaona aibu, jogoo mwenyewe ameshaliwa. Lakini kitu kinachofika mlangoni siku ya pili baada ya askari kufumba macho kina jina katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na ni heri jina hilo ulitaje wewe kabla hajalitaja mwingine. Mama mkwe alituma kwa mila, nakubali. Mpokeaji ndiye mwenye sare.

Utaadhibiwa? Nadhani ndiyo, na sikuahidi itakuwa kiasi gani. Ninachokijua kutokana na kazi ni kwamba mkuu anayeletewa kosa na mwenyewe humtazama tofauti na anayeletewa na barua isiyo na jina.

Katika maelezo hayohayo omba jambo moja: kwamba shauri lolote linalomgusa shemejio au mtu wa nyumba ya mkweo likabidhiwe askari mwingine, kuanzia doria hadi ushahidi. Huo ndio mgongano wa maslahi uliotakiwa kuutangaza siku uliporipoti kituoni, mkeo akiwa bado anaimba jikoni. Hata ule usiku njia ilikuwepo. Ungemwambia nahodha, "Huyu ni shemeji yangu, mimi natoka," ukapiga simu kituoni aje mwingine wa kuandika hati ya ukamataji, ukakaa mbele kwenye omo ukashika tochi tu. Shem angekuchukia wiki mbili. Lakini gengeni asingekuwa na askari wake.

Nina rafiki alikuwa bwana misitu, upande wa mikoko ya delta ya Rufiji. Mikoko ya bara yote ni hifadhi ya msitu, hukati bila kibali, na miti inahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake. Siku moja akakuta mzigo ufukweni, mazio korija mbili, na mwenye mzigo ni baba yake mzazi, anataka kuezekea banda. Alifanya nini? Alivua kofia akamwamkia, akakaa naye chini wakanywa uji, halafu akamtuma mtoto akamwite mwenzake wa kituo cha pili. Mwenzake alipofika ndiye aliyehesabu. Baba alilipa. Miezi sita mzee hakula nyumbani kwa mwanawe, mwezi wa saba akaja mwenyewe na kuku. Nasema hivi nikijua kwamba si kila mzee hurudi mwezi wa saba. Wengine hawarudi.

Ukitoka kwa Mfawidhi, jioni ileile, usilale, nenda kwa baba mkwe. Umemtaja mama tu, lakini kama mzee yupo, au kaka yake mkubwa, huyo ndiye wa kumwendea, kwa sababu adabu zinazokufunga kwa mama hazikufungi namna ileile kwake. Usitangulie kwake kabla ya kwa mkuu. Ukitangulia, hata ukiwa na nia safi, utakuwa umewapa nafasi ya kuhamisha lile juya. Nenda na mtu mzima wa upande wako, kaa mkekani, mweleze ulichokwisha kufanya. Msimamo wako usiwe wa kuomba ruhusa. Mwambie, "Baba, nimekosa kazini na nimekosa kwenu. Kazini nimekwenda leo. Kwenu nimekuja sasa." Akikasirika, mwache akasirike mpaka aishe.

Na hapo kuna swali ambalo barua yako haikuligusa, nalo ndilo la maana kuliko yote kwa shemejio: juya ni la nani? Watu saba, usiku wa manane, zana ya mamia ya mita za wavu na kamba na risasi zake, vile vyuma vya kuuzamisha. Shemejio ana pesa hiyo? Mimi katika miaka yangu nilikamata wakokotaji wengi sana na wenye majuya wachache mno. Mwenye juya yuko mjini, ana duka, anaswali safu ya mbele, na usiku wa doria amelala na shuka lake. Mgawo ukifika, chombo na juya vinachukua fungu lao kwanza, kisha vijana wanagawana kinachobaki, ambacho kwa tasi wa kidole gumba ni pesa ya unga na vocha. Mkiwafunga saba, tajiri huyo ataleta saba wengine kabla ya bamvua ijayo.

Shemejio akitaka kusema juya ni la nani, amwambie askari atakayepewa shauri hilo, wewe usiwepo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inaruhusu baadhi ya makosa kufifilishwa: mtu anakiri kwa maandishi, analipa, haendi mahakamani. Na tangu 2019 kuna mlango wa makubaliano ya kukiri kosa na mwendesha mashtaka. Lakini wa kufungua milango hiyo wana vyeo vyao, nawe si mmoja wao. Usimwahidi kitu. Ukimwahidi, utakuwa umemwachia mara ya pili, safari hii kwa maneno ya kitaalamu.

Atakwambia, najua atakwambia, kwamba babu zake walivuta juya na samaki hawakwisha. Baba yangu mimi alivuta juya, nimekua kwa juya, shule nimelipiwa kwa juya. Lakini yale ya kamba ya usumba na watu wanne hayakuwa haya. Mwambie aende mchana, maji yakikupwa, pale walipovuta, aangalie nyasi. Ataona mfereji uliokwanguliwa na risasi za kamba ya chini, mweupe kama mtu aliyenyolewa vibaya. Tasi na changu wanakulia ndani ya nyasi hizo. Yule pweza wenu wa kufumbwa mkononi hakufika hata gramu 500 ambazo kanuni inamtaka awe nazo, na pweza huyo hukua upesi ajabu. Kisiwa Panza kule Pemba wanakijiji waliufunga mwamba wao wenyewe kwa miezi kadhaa, walipoufungua wakatoa pweza wa kubeba begani. Hili anaweza kulipima mwenyewe kwa mizani, halihitaji hotuba yako. Muulizie pia kituoni kama kuna mpango wa kubadilishana nyavu au mkopo wa zana halali. Mafia waliwahi kuwabadilishia watu nyavu. Kama haupo, kuna mshipi, kuna dema la kutegea. Vina pato dogo mwanzoni, usimdanganye.

Mkeo nimemweka mwisho kwa sababu kwake huna hoja ya kushinda. Sidhani kilichomuuma ni kazi yako. Alipokubali posa alijua unavaa nini. Kilichomuuma ni kisima. Ndugu yake alikamatwa na kuachiwa, juya liko kwa mama yake, jogoo alimpika yeye mwenyewe bila kujua anapika nini, na habari akaipata kwa wanawake wenye ndoo. Wewe ulikuwa ukilala naye chumba kimoja wiki tatu. Mwendee, mwombe radhi ya hilo, na usiichanganye na habari za sheria hata kidogo. Akikuuliza, "Utamkamata ndugu yangu?" mjibu ukweli: wewe hutamkamata, na hutamzuia atakayemkamata. Pengine talaka ataitaja tena. Neno hilo likitajwa kwa hasira na mwanamke aliye kwa mama yake, wazee wana namna ya kulisikiliza na namna ya kutolisikia. Waachie. Watoto waendelee kukuona kila siku, hata kama ni uani.

Mawe juu ya bati yaripoti polisi, leo, upate namba ya taarifa. Usiyafanye mazungumzo. Na yule kijana wa BMU usimtukane wala usimkwepe. Naye ni shahidi, ataitwa kuandika maelezo yake, basi mwambie kabla kwamba wewe umeshaandika yako. Asije akadhani bado anakulindia siri. Nahodha hivyohivyo, maskini, yeye hukumuuliza hata anaonaje.

Kuhusu uhamisho: baada ya yote hayo, kama Mfawidhi mwenyewe ataona usikae kituo cha ukweni, nenda. Hutakuwa umekimbia.

La mwisho ni la kazi. Hujasema kama lile juya bado liko uani kwa mama mkwe. Kabla hujaingia ofisini kwa Mfawidhi, usiende kuliangalia, usimtume mtoto kuliangalia, na kwa jina la Mungu usijitolee kwenda kulichukua wewe. Akiuliza liko wapi, sema mara ya mwisho uliliona wapi na lini, ukomee hapo. Watakaokwenda kulifunua yale makuti wawe watu wengine, na mwenyekiti wa kijiji, na hati ya ukamataji yenye sahihi za mashahidi. Wewe siku hiyo omba zamu ya kusafisha boti.